Miche safi, aina sugu, utabiri au viumbe rafiki: ipi ichaguliwe kulinda matunda?

Utafiti wa vyuo vikuu kuhusu magonjwa ya miti ya matunda umevuka karne moja, na matokeo yake yamekuwa mengi hata mwenye shamba, au afisa ugani anayemshauri, hajui aanzie wapi. Huyu anamwambia anunue miche iliyopimwa virusi. Yule anasema apande aina sugu tu. Mwingine anasifu bakteria rafiki wanaonyunyizwa kwenye maua, mwingine modeli inayosoma hali ya hewa na kutabiri ugonjwa, na siku hizi wapo wanaopitisha taa za urujuanimno juu ya matuta ya stroberi usiku. Njia zote hizi zina ushahidi nyuma yake. Ila kila moja ina kazi yake, na anayeiweka moja mahali pa nyingine hupoteza msimu, pengine shamba zima.

Ndiyo maana naona si vyema kuzilinganisha kwa kuuliza ipi ina nguvu zaidi. Ulizia kwanza ugonjwa wenyewe. Unaingia kwenye mti kwa njia gani? Ukishaingia, hutoka? Na kinga uliyoichagua ikishindwa, unapoteza mavuno ya mwaka mmoja au unapoteza mti? Ukijibu haya matatu, njia nyingi zitajiondoa zenyewe.

Miche safi au kutibu baadaye

Kwa magonjwa ya virusi hapa hakuna mjadala mrefu, kwa sababu hakuna dawa ya kunyunyiza inayomponya mti mwenye virusi. Chukua virusi vinavyokunja majani ya mzabibu. Mzabibu haufi. Unaendelea kuota na kuzaa mwaka baada ya mwaka, lakini matunda yanachelewa kuiva na sukari yake inapungua. Mkulima anaweza kulaumu udongo, mbolea au mvua, kumbe tatizo lilikuja ndani ya kikonyo alichonunua siku ya kwanza.

Chuo Kikuu cha California, Davis, kina kituo kilichoanza mwaka 1958 kwa kazi hiyo hasa: kutunza mimea mama iliyopimwa na kuthibitishwa kuwa haina virusi vinavyojulikana, kisha kuwagawia wenye vitalu. Kwenye tawi la chuo hicho la Riverside upo mpango wa aina hiyo kwa jamii ya michungwa. Mmea wa thamani ukikutwa na virusi, wataalamu hukata ncha ya chipukizi, kipande kidogo kisichofika hata milimita moja, na kukiotesha kwenye chupa maabara. Mara nyingi virusi huwa havijazifikia seli changa za ncha hiyo, hivyo mmea unaotokea hapo unaweza kuwa safi. Unapimwa tena kabla ya kuruhusiwa.

Mche wa namna hii ni ghali kuliko wa kawaida, na gharama hiyo inalipwa mara moja. Hasara ya mche mgonjwa inalipwa kila msimu kwa umri wote wa mti. Lakini usidhani mche safi ni mche sugu. Vidung'ata, wale wadudu wenye unga mweupe, wanaweza kuuletea virusi kutoka shamba la jirani mara tu ukipandwa. Jirani akiwa na mizabibu michafu na wadudu wamejaa, miche safi peke yake haitakufikisha mbali. Itabidi mkubaliane kung'oa pamoja.

Aina sugu: ya kuzalisha polepole au ya kuhamishiwa jeni

Usugu ndiyo kinga inayofanya kazi hata siku ambayo mkulima hayupo shambani, na ndiyo sababu watafiti wameupigania kwa miaka mingi. Mfano unaofundisha zaidi ni ugonjwa wa magamba ya tufaha, unaoletwa na kuvu aitwaye Venturia inaequalis. Vyuo vya Purdue, Rutgers na Illinois viliungana kuhamisha jeni moja ya usugu kutoka kwa mtufaha mwitu, Malus floribunda, kwenda kwenye matufaha ya kuliwa. Mtufaha huchukua miaka kabla ya kuzaa, kwa hiyo kila kizazi cha kuchanganya kilisubiriwa. Aina ya Prima ilitoka 1970. Chuo Kikuu cha Cornell nacho kikatoa Liberty mwaka 1978.

Kisha Ulaya kukatokea jamii za kuvu huyo zinazoupita usugu wa jeni hiyo moja. Huo ndio udhaifu wa kutegemea jeni moja: kuvu anahitaji badiliko dogo tu ili aingie. Haimaanishi aina hizo hazifai. Inamaanisha aliyezipanda aendelee kusafisha majani yaliyoanguka na kunyunyiza mara chache wakati wa hatari kubwa, ili asimpe kuvu nafasi ya kujifunza. Ningechagua aina yenye jeni mbili au tatu za usugu mbele ya ile yenye moja, hata kama tunda lake linapungua utamu kidogo.

Njia ya pili ya kupata usugu ni uhandisi jeni, na papai ndilo tunda lililoonyesha inavyoweza kwenda haraka. Mwaka 1992 virusi vya madoa ya duara viligunduliwa Puna, eneo lililokuwa moyo wa kilimo cha mapapai Hawaii. Dennis Gonsalves wa Cornell na wenzake walikuwa tayari wanajaribu mpapai uliowekewa jeni ya ganda la kirusi chenyewe. Mwaka 1998 mbegu za aina ya Rainbow zikawafikia wakulima, na mashamba yaliyokuwa yameachwa yakapandwa tena. Sokoni mambo yalikwenda pole zaidi: Japani iliruhusu papai hilo mwaka 2011.

Ukiziweka bega kwa bega, aina iliyozalishwa kwa njia ya kawaida inakubalika karibu kila soko, hata kwenye kilimo hai, ila inakuja kwa miongo. Ile ya uhandisi jeni inaweza kulenga ugonjwa mmoja kwa usahihi na bila kubadilisha ladha ambayo watu wameizoea, ila sheria ya nchi na mnunuzi wako ndio watakaoamua kama utaipanda. Muulize mnunuzi kabla ya kumuuliza mtafiti.

Kuna ugonjwa mmoja ambao kwangu unaumaliza ubishi huu: mnyauko fusari wa migomba, aina ya TR4. Kuvu wake anakaa kwenye udongo kwa miongo, na hakuna dawa ya kumtoa humo. Ukishaupata udongo, ama unaacha ndizi za jamii ya Cavendish ama unapanda mgomba unaostahimili. Kikosi cha James Dale, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, kilichukua jeni kutoka kwa ndizi mwitu na kuiweka kwenye Cavendish, na Australia ikaidhinisha mgomba huo mwaka 2024. Ambaye udongo wake bado ni safi ana njia iliyo rahisi kuliko zote: asiingize mche usiojulikana ulikotoka, wala viatu na jembe lenye udongo wa shamba jingine.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Usugu wa shina la chini, lile ambalo aina ya matunda hupandikizwa juu yake, si usugu wa mti mzima. Mashina ya Geneva, yaliyozalishwa na Cornell pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, mengi yake yanahimili bakteria wanaounguza matawi ya mitufaha. Yanauokoa mti usife kuanzia chini. Ua lililo juu ya kikonyo dhaifu kilichopandikizwa hapo bado litaungua.

Kunyunyiza kwa kalenda au kwa utabiri

Hapa ndipo naona mkulima wa kawaida ana mengi ya kupata, na ndipo utafiti ulipokomaa.

Kunyunyiza kwa kalenda ni rahisi: kila baada ya siku saba au kumi unapita na bomba, mvua inyeshe isinyeshe. Kunarahisisha kupanga vibarua, na ugonjwa ukiwa mkali kila wiki kunalinda. Kasoro yake ni kwamba dawa nyingi inamwagwa siku ambazo kuvu hana uwezo wa kuambukiza, na kila mnyunyizo wa dawa ileile unachuja kuvu dhaifu na kuwaacha wale wanaoihimili. Ukungu wa kijivu wa stroberi umeshakuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa kwa njia hiyo.

Utabiri ulianzia kwenye jani lililooza. Kuvu wa magamba ya tufaha hupitisha majira ya baridi ndani ya majani yaliyoanguka chini ya mti. Ukilikata jani hilo na kulitazama kwa hadubini, utaona vichupa vidogo vyeusi, ndani yake vifuko vyembamba, na kila kifuko kina vijimbegu 8. Mvua ya majira ya kuchipua inapolilowesha jani, vifuko vinafyatua vijimbegu hewani na upepo unavipeleka kwenye majani machanga. Havina madhara vikitua pakavu. Lazima jani lililopokea liendelee kuwa na unyevu kwa saa kadhaa ili kijimbegu kiote na kupenya.

W. D. Mills wa Cornell aliliweka hilo kwenye jedwali mwaka 1944: joto kiasi hiki, saa za unyevu kiasi hiki, maambukizo yatatokea. Mwaka 1989 William MacHardy wa Chuo Kikuu cha New Hampshire na David Gadoury walilipitia upya na kuonyesha kwamba saa zinazohitajika ni chache kuliko zile za Mills. Joto likiwa kati ya nyuzi 16 na 24 za Selsiasi, saa 6 za unyevu zinatosha. Baridi ikizidi, saa zinaongezeka. Kwa maarifa hayo mkulima anaweza kuangalia mvua ya jana usiku na kujua kama ana sababu ya kunyunyiza leo.

Stroberi nazo zilipata mfumo wake katika Chuo Kikuu cha Florida, chini ya Natalia Peres. Vituo vya hali ya hewa vinapima joto na unyevu wa majani, kisha mkulima anapata ujumbe kuhusu hatari ya ukungu wa kijivu na chule. Katika majaribio, idadi ya minyunyizo ilishuka kwa takriban nusu ikilinganishwa na kalenda, na mavuno hayakupungua.

Sasa, nani achague utabiri? Anayeweza kunyunyiza shamba lake lote ndani ya siku moja, kwa sababu baadhi ya dawa zinamwahi kuvu kwa saa chache tu baada ya kupenya. Shamba linalohitaji siku nne kulimaliza halitafaidi kiasi hicho. Kufikia mwisho wa mistari, muda umekwisha. Achague pia yule ambaye kipimo chake cha unyevu kimewekwa ndani ya shamba, katikati ya majani. Kipimo kilichofungwa juu ya paa la ghala kilomita kadhaa kutoka shambani kinaeleza unyevu wa paa. Tena modeli inakadiria hatari kwa kudhani kuvu yupo. Haijui kama yupo kweli.

Kwa sababu hiyo, mwenye mitufaha aliyeniuliza aanze na kipi kati ya modeli na usafi, ningemwambia usafi. Utafiti ambao MacHardy alishiriki, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kuyasaga majani yaliyoanguka kwa mashine ya kufyekea nyasi kunaweza kupunguza hatari ya magamba kwa asilimia 80 hadi 90, iwapo majani yote yatafikiwa. Kuyanyunyizia yurea nako kunasaidia, ingawa si kwa kiwango hicho. Hiyo ni kazi ya mara moja kwa mwaka. Ukishapunguza vijimbegu hivyo, modeli inakuwa na kazi nyepesi na kosa moja la utabiri halikuangamizi.

Viumbe rafiki au dawa ya kemikali

Kuhusu viumbe rafiki nimesoma sifa nyingi zilizopitiliza na lawama nyingi zisizo za haki, na zote zinatoka kwenye jambo moja: watu huvitumia kama dawa ya kuponya. Vingi vyake vinalinda tu vikiwahi kufika.

Angalia uvimbe wa shina, ugonjwa unaootesha vinundu kwenye mizizi ya mipichi na milozi. Bakteria wake anaingiza kipande cha DNA yake ndani ya seli za mti, na kuanzia hapo seli zinajizalisha zenyewe bila mpangilio. Hata ukimuua bakteria baadaye, uvimbe unaendelea. Katika miaka ya 1970 Allen Kerr wa Chuo Kikuu cha Adelaide aligundua bakteria ndugu asiye na madhara, aliyepewa jina K84, anayetengeneza sumu inayomuua yule mbaya. Matumizi yake ni mepesi ajabu: unatumbukiza mizizi ya mche kwenye maji yenye K84 kabla ya kupanda, basi. Mizizi iliyojeruhiwa kitaluni inafunikwa na bakteria rafiki kabla ya adui hajafika. Baadaye wakatengeneza K1026, aliyeondolewa uwezo wa kumpa adui jeni zinazomkinga na sumu hiyo.

Kwa mipichi na milozi sioni sababu ya kutotumia njia hii mahali inaporuhusiwa. Kwa mzabibu usipoteze fedha, kwa kuwa uvimbe wake unaletwa na bakteria mwingine ambaye sumu ya K84 haimgusi. Kiumbe rafiki ana adui wake mahususi, na jina la ugonjwa kwenye kibandiko halitoshi kukuhakikishia.

Ugonjwa wa kuungua kwa mipea na mitufaha unaonyesha ulinganisho mgumu zaidi. Huu una heshima yake katika historia, maana ni kwa kuuchunguza ndipo Thomas Burrill wa Chuo Kikuu cha Illinois, karibu mwaka 1880, alipoonyesha kwamba bakteria wanaweza kusababisha ugonjwa kwa mimea. Bakteria, Erwinia amylovora, anaongezeka kwanza kwenye ncha ya ua ambapo chavua hutua. Umande au mvua ndogo inamsukuma chini hadi kwenye nekta, na hapo ndipo anapoingia. Nyuki wanamhamisha ua hadi ua.

Antibayotiki ya streptomycin ilimdhibiti vizuri kuanzia miaka ya 1950, na inaponyunyizwa kwa wakati bado inashinda viumbe rafiki wengi. Lakini California iliona bakteria waliozoea dawa hiyo mwaka 1971, na tangu 2014 wakulima wa matufaha na peasi za kilimo hai Marekani hawaruhusiwi kutumia antibayotiki. Badala yake kuna bakteria kama Pseudomonas fluorescens A506, aliyetokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na chachu iitwayo Aureobasidium pullulans. Hawa wanakaa kwenye ncha ya ua na kula chakula ambacho adui angekula. Maua hayafunguki siku moja, hivyo mnyunyizo mmoja hautoshi. Unarudia kadiri maua mapya yanavyofunguka. Ukichelewa hadi uone tawi limepinda na kuwa jeusi, kazi imebaki kwa mkasi.

Chaguo langu hapa ni mchanganyiko. Tumia viumbe rafiki maua yanapoanza kufunguka, kisha ufuate modeli ya joto kama CougarBlight ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Siku modeli inapoonyesha joto kali na mvua inakuja, na sheria inakuruhusu, antibayotiki moja iliyowahi ni bora kuliko tano za mazoea.

Shaba au mwanga

Mchanganyiko wa shaba na chokaa ni zao la chuo kikuu pia: Pierre Millardet wa Bordeaux aliutangaza mwaka 1885 dhidi ya ubwiri vinyoya wa mzabibu. Ni wa bei nafuu, na kuvu hawajaweza kuuzoea kirahisi. Tatizo ni kwamba shaba haiozi. Inarundikana kwenye udongo, na ndiyo sababu Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7.

Kwa ubwiri unga, ambao kuvu wake hutanda juu ya jani, mwanga wa urujuanimno ni mshindani wa kweli. Watafiti wa Cornell na wenzao wa Norway na Florida walionyesha kwamba siri iko gizani. Mchana kuvu hutumia mwanga wa buluu wa jua kurekebisha DNA yake iliyojeruhiwa. Usiku hana msaada huo, kwa hiyo dozi ndogo isiyoumiza mmea inatosha kumuua. Taa zinabebwa na trekta au roboti, na hazibagui kuvu aliyezoea dawa. Kwa ugonjwa uliojificha ndani ya jani, bado ningebaki na dawa.

Kung'oa kisiki kizima au kukata shina moja

Mnyauko bakteria wa migomba ulijulikana Ethiopia tangu 1968 kwenye ensete, mmea wa jamii ya mgomba, kisha ukaingia Uganda mwaka 2001. Ushauri wa mwanzo ulikuwa kung'oa kisiki chote na machipukizi yake, kazi nzito ambayo wengi hawakuimaliza. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha bakteria hawafiki kwenye kila chipukizi, hivyo kukata usawa wa ardhi kila shina lenye dalili, mara tu zinapoonekana, kunaweza kushusha ugonjwa polepole bila kupoteza shamba. Kwa shamba ambalo maambukizo ndiyo yanaanza, na visiki vilivyoambukizwa ni vichache, kung'oa bado kunafaa. Palipoenea, kata shina moja moja kila wiki, choma au safisha panga kwa dawa ya kufulia ya klorini baada ya kila shina, na uondoe ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kwa kuwa wadudu wanabebea ugonjwa hapo.

Mchungwa, mahali ambapo njia zote zinapimwa

Ugonjwa wa kijani wa michungwa, unaobebwa na mdudu mdogo Diaphorina citri, ulionekana Florida mwaka 2005. Msimu wa 2003–04 jimbo hilo lilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa. Msimu wa 2023–24 yalikuwa takriban milioni 18, vimbunga navyo vikichangia. Mti unaweza kukaa na bakteria miezi mingi, hata miaka, kabla majani hayajaonyesha mabaka. Utakapoyaona, mdudu alishahama.

Anayepanda upya aangalie mambo mawili. Chuo Kikuu cha Florida kimeonyesha kwamba kulima ndani ya mabanda makubwa ya wavu kunamzuia mdudu na matunda yanakuwa mazuri, lakini gharama inaruhusu tu matunda ya kuuza mabichi kwa bei ya juu. Kwa machungwa ya kusindika juisi haitalipa. Kwa shamba la wazi, chagua aina inayostahimili kama Sugar Belle na miche iliyokuzwa ndani ya wavu, ukijua kuwa itaambukizwa na itaendelea kuzaa.

Aliye na miti mikubwa iliyokwisha kuugua ana chaguo la kuichoma sindano ya oksitetrasaiklini kwenye shina, lililoruhusiwa Florida mwaka 2022. Inapunguza bakteria na mavuno hupanda, ila lazima irudiwe, na kila tundu ni jeraha kwenye shina. Ningeitumia kwa mti ambao bado una majani mengi na uwezo wa kulipa gharama hiyo kwa miaka michache. Mti uliokonda hadi matawi yanaonekana wazi, ung'oe, na fedha ya sindano ununulie mche.